Kikomboleo cha Wingu la Mwisho

Asubuhi ile Damari Chilongani aliingia chumba cha mitambo, akasema "Habari za asubuhi," akavuta kiti, akakaa. Hakugusa chai yangu. Hakumuuliza Mkurugenzi kama mbwa wa jirani yake bado wametimia, au sisi Wahehe tumeshawala. Mimi nilikuwa nimeshaficha buti zangu nyuma ya kabati, maana tangu mvua zianze alikuwa ameniibia jozi mbili, lakini hata macho hakuyapeleka huko.

"Leo tutapumua," Mkurugenzi Luhwago aliniambia kwa sauti ya chini.

Mimi sikupumua. Niliogopa, na nilijua kwa nini.

Damari alikuwa mtani wa kituo. Ndiyo, ilikuwa kazi, tena yenye mkataba na muhuri. Zamani Wahehe na Wagogo walipigana, wakachoka, wakawa watani, na tangu hapo Mgogo akiingia kwa Mhehe anaweza kumsimanga mbele ya wakwe zake na kuondoka na kuku wake, na mwenye nyumba akinuna, yeye ndiye mwenye makosa. Tulipoanza kukamua mawingu, ugomvi ulirudi. Watu walirushiana mawe pale Mtera, na mawe yakaleta maiti. Wale waliokaa kuandika Mkataba wa Mtera walikuwa na akili, nakiri. Waliona kwamba hasira haipigwi marufuku kwa sheria. Basi wakaandika kuwa wingu halikamuliwi mpaka vitu vitatu viwe chumbani: hesabu ya mtambo, dole gumba la mdhamini, na mtani kutoka upande ambako upepo unaelekea. Mtani hana kura. Ana ulimi wake tu, na haki ya kutokasirikiwa.

Dole gumba lilikuwa langu. Jina langu ni Edista Kikoti, mdhamini wa kituo cha Kilolo, na nilikuwa nimekaa na Damari chumba kimoja muda wa kutosha kujua jambo moja: mtani anayekusimanga bado anakuhesabu kuwa ndugu. Akinyamaza, ama ana msiba, ama ameshakufuta.

"Wingu limevuka Kilombero," ilisema Pima.

Pima ndiyo mtambo wetu wa hesabu. Ina sauti ya kike, ya upole, kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Kwenye ukuta wa vioo tuliliona lile wingu likipanda kutoka kusini mashariki, pana, limejaa, tumbo lake jeusi. Nje, kwenye reli ya kurushia, mbayuwayu zilikuwa zimeshapangwa. Ndivyo tunavyoziita droni zetu, kwa sababu ya mikia yao ya panda. Kila moja hubeba kifuko cha chumvi iliyosagwa laini kuliko unga wa muhogo. Huingia chini ya wingu na kuipuliza chumvi, vitone vya maji huishika ile chumvi, vinashikana, vinakuwa vizito, vinaanguka. Vinaanguka kwetu. Kinachobaki huvuka Ruaha kwenda Ugogo, na mara nyingi kinachobaki ni kivuli tu.

Hilo lilikuwa wingu kubwa la mwisho la msimu. Bwawa la Kidabaga lilikuwa limebaki tope na chura, na Iringa mjini maji yalitoka kwa mgao. Bodi nayo ilikuwa inamtafuta Mdhamini Mkuu wa vituo vyote vya nyanda za juu. Bwawa likijaa, Luhwago alikuwa ameniambia, nafasi ni yako. Niliitaka nafasi ile. Sitajifanya mtakatifu. Niliitaka tangu nikiwa mwanafunzi ninayekariri aina za mawingu huku wenzangu wakisukana nywele.

Upande wa pili wa Ruaha, katika kijiji cha Chilendu, kwao Damari, uwele ulikuwa umetoa masuke. Ulingoja mvua moja ya kujaza punje.

"Uwezekano wa wingu jingine dogo kufika Chilendu kabla uwele haujakauka," ilisema Pima, "ni tisa kwa kumi. Pendekezo: kamua."

Luhwago alinigeukia na kufungua viganja vyake, kama kusema kazi imeshafanyika.

Ningeweza kusema kwamba Kaspari Luhwago alikuwa mtu mbaya, na mambo yangekuwa mepesi. Hakuwa. Mama yake alikuwa akisafishwa damu katika hospitali ya mjini mara kwa mara, na ile mashine ya kusafishia damu hunywa maji kuliko ng'ombe. Mgao ukiongezeka, zamu za wagonjwa zingepunguzwa. Yote hayo niliyajua kwa watu wengine. Yeye hakuwahi kuyataja ofisini hata siku moja, kwa sababu aliona si haki kumweka mama yake mwenyewe kwenye mizani ya watu wote. Ndivyo alivyokuwa, na nilimheshimu.

"Edista," alisema, "unasita nini?"

"Hiyo moja iliyobaki."

"Daima kuna moja iliyobaki. Sikiliza. Ukiamua kwa hesabu na mambo yakaharibika, hujakosea. Ukiamua kwa moyo na mambo yakanyooka, umebahatisha. Mtu anayebahatisha hafai kushika maji ya watu."

Nilimtazama Damari, nikitumaini ataropoka chochote, hata kunitukana. Alikuwa amesimama. Alijifunga kanga yake vizuri kiunoni, akafungua mlango, akatoka nje.

*

Tulimkuta kwenye reli ya kurushia. Mbayuwayu ya mbele alikuwa ameishusha taratibu na kuilaza kwenye nyasi, akajilaza yeye mahali pake, chali, mikono kifuani, macho yamefumbwa.

Mlinzi alikuwa amesimama kando, ameshika kofia. "Mkurugenzi, nimemsihi mno," alisema. "Kumgusa siwezi. Mkataba unakataza."

Luhwago hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Mimi nilielewa mara moja. Nilishaona hivyo kwenye mazishi ya baba yangu mkubwa: jeneza limefika, mchungaji ameshika kitabu, na mtani mmoja akaruka ndani ya kaburi na kulala, akisema humu ni kwangu, mzikeni kwingine. Watu walicheka katikati ya kilio. Hatoki mpaka apewe kikomboleo. Kuku, kitenge, chochote. Akipewa, anatoka, na maiti anapumzika.

"Wingu liko juu ya msitu," ilisema Pima kwenye spika ya uwanjani. "Muda wa kurusha unakaribia kwisha."

Nilichuchumaa kando ya reli. "Mtani wangu."

Macho yake yalibaki yamefumbwa.

"Damari. Unataka nini utoke kaburini?"

Alifumbua jicho moja. "Umeuliza vizuri, Mhehe," alisema, na moyo wangu ulishtuka kwa furaha kusikia neno hilo. "Nataka mtu."

"Mtu gani?"

"Mwenye dole gumba. Likamueni wingu, mimi kura sina. Lakini atakayebonyeza twende naye kwetu. Akae uani kwa mama yangu mpaka mvua nyingine ije, au mpaka ijulikane kwamba haiji. Hatumpigi, hatumfungi. Atakula tunachokula."

"Hii si kazi ya mtani," Luhwago alisema. "Hii sasa ni siasa. Dada Damari, hesabu inasema mtapata mvua. Tisa kwa kumi!"

"Nimeisikia, bwana Luhwago. Na siipingi. Mimi ni mkata mizabibu, nitaipinga kwa lipi?" Alikaa kitako juu ya reli, miguu ikining'inia. "Ila kwetu mtu akiharibikiwa hatumuulizi jirani kama hesabu yake ilikuwa sahihi. Tunamuuliza, ulikuwa wapi?"

Upepo ulikuwa umeshaanza kuleta harufu ya mvua. Nilimgeukia Mkurugenzi. "Twende wote wawili," nilisema. "Wewe unaiamini ile tisa kuliko mimi. Ni safari ya siku chache tu, basi."

Alifikiri kweli, namshuhudia. Alifikiri akikunja uso, kama anavyofanya mbele ya taarifa za mwezi. "Nikikaa Chilendu," alisema mwishowe, "anga haliongezi tone hata moja. Nikikaa hapa, nitaandaa mabomba ya kupeleka maji mjini. Sasa niambie, wapi nina faida?"

Alikuwa sahihi. Mpaka leo sijapata mahali pa kumkosoa katika maneno yale. Lakini nilimtazama akiyasema, na niliona amerudi nyuma hatua kutoka kwenye reli bila kujua.

"Nitakwenda mimi," nilimwambia Damari.

Alinipa mkono nimvute. Alipotoka, mlinzi aliirudisha mbayuwayu mahali pake. Nilirudi ndani na kuweka dole gumba langu kwenye kioo, na mbayuwayu ziliondoka moja baada ya nyingine, zikazama ndani ya lile tumbo jeusi.

Mvua ilinyesha Kilolo mpaka mabonde yakanguruma. Watoto wa shule walicheza barabarani bila viatu. Bwawa lilipanda, na mchana wa siku ya pili, nikiwa ninapanga nguo kwenye begi, ujumbe wa bodi uliingia kwenye simu yangu: nimeteuliwa kuwa Mdhamini Mkuu, kuapishwa Jumatatu ya wiki itakayofuata. Niliusoma nimesimama. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilinichoma.

*

Uani kwa mama yake Damari kulikuwa na kiti kimoja chenye mgongo. Nilipewa mimi.

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilitarajia watoto waniimbie, wanawake wanivue viatu, wazee waulize kama nimekuja na mchuzi wa mbwa kwenye chupa. Badala yake Bibi Persisi, mama yake Damari, mwanamke mrefu aliyekonda, mwenye sauti kavu, alinipa mkono kwa adabu na kunisalimu Kigogo.

"Mbukwenyi, mgeni wetu," alisema.

"Mbukwenyi, Bibi. Kamwene."

Hakuijibu ile *kamwene*, salamu ya kwetu Wahehe. Watani wote huijibu kwa kubeza. Yeye aliagiza niletewe maji ya moto ya kuoga, nikaletewa kwenye beseni dogo, na nilijua beseni lile lilikuwa maji ya kutwa nzima ya mtu mmoja. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda. Nilitengewa kwenye sahani yangu peke yangu, wao wakala pamoja kwenye sinia.

"Kwa nini hawanitanii?" nilimuuliza Damari tulipokwenda kuangalia shamba.

"Wamekuogopa."

"Mimi?"

"Wewe una mvua yao mfukoni. Mtu wa hivyo unamkaribisha. Humtanii." Alivunja suke moja na kulifungua kwa kidole. Ndani punje zilikuwa changa, na maziwa ndani yake yalikuwa machache. "Mimi nimezoea kazi. Wao bado."

Kila asubuhi niliifungua simu na kuisikiliza Pima. Ilisema tisa kwa kumi. Kisha upepo uligeuka kule baharini, mambo ambayo hutokea, na ikasema saba. Wingu moja lilijitokeza upande wa Mtera, kijiji kizima kikatoka nje kulitazama, likasambaa lenyewe mchana kweupe. Pima ikasema nne. Sikuificha namba. Nilikuwa nikienda kwa Bibi Persisi na kumwambia, naye alikuwa akisema "Asante kwa taarifa, mgeni," na kuendelea kupepeta.

Nilikuwa na hasira. Na Pima, na upepo, na wale watu waungwana walionipa kiti. Nilitaka mmoja wao anipigie kelele ili na mimi nijitetee. Nilikuwa na utetezi mzuri kabisa, nimeupanga kichwani kwa vifungu, na hakuna aliyeuuliza.

Luhwago alipiga simu siku ya Ijumaa.

"Mama anakusalimu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mama yake kwangu. "Zamu zao zimerudi kama kawaida. Wagonjwa wote, si yeye tu. Nilitaka ujue hilo. Lile dole gumba halikwenda bure."

"Nashukuru kusikia. Kweli."

"Sasa rudi, Edista. Jumatatu wanakuapisha. Usipokuwepo, bodi itamchukua yule kijana wa Njombe, na yule kijana hatasita kama ulivyosita wewe. Umefikiria hilo? Ukiwa Mdhamini Mkuu utawasaidia hao watu kuliko kukaa nao uani."

"Pima inasema bado kuna mbili kwa kumi."

"Ndiyo maana nakwambia rudi. Kukaa kwako hakuongezi tone."

"Najua."

"Basi unafanya nini huko?"

Nilitazama ile sahani yangu ya peke yangu, imeoshwa, imeanikwa juani kwenye kichanja mbali na sinia lao. "Nipo tu," nilisema.

Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akasema nimpigie nikibadili mawazo, na sauti yake haikuwa na ukali. Baada ya kukata simu nililia, na sitasingizia vumbi. Nilililia lile jina la Mdhamini Mkuu, ambalo nilikuwa nimeshajaribu kuliandika mbele ya jina langu kwenye karatasi, kama msichana anayejaribu jina la mchumba wake. Ningepanda basi ningefika. Hakuna ambaye angenizuia, hata Damari. Hesabu ya Luhwago ilikuwa safi kutoka juu mpaka chini, na pengine kweli ningewafaa zaidi kutoka kwenye kile kiti kikubwa. Ila nilijua pia kwamba ningeondoka, jibu la swali la Damari lingekuwa moja maisha yangu yote. Ulikuwa wapi? Nilikuwa naapishwa.

*

Jumatatu asubuhi Pima ilisema sifuri.

Haikusema hivyo hasa. Pima haisemi sifuri. Ilisema uwezekano hautoshi kuhesabiwa. Nilimwambia Bibi Persisi akiwa anakoka moto. Aliangalia upande wa shamba. Kisha akaingia ndani na kutoka na miundu.

"Tukate mabua kabla ng'ombe hawajayakataa," alisema.

Uwele ukikosa mvua ya mwisho, punje zinabaki maganda. Ukiukata mapema, angalau mabua yana utamu, mifugo itakula. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaingia mashambani, bila kelele, kama watu wanaosafisha nyumba baada ya mazishi. Nilimwomba Damari mundu. Alisita, akanipa.

Mimi ni binti wa mahindi na viazi. Kukata uwele sijui. Bua la uwele ni refu, gumu, linakwepa, na kama hukulishika chini kabisa unajikata mwenyewe. Nilikuwa nalishika juu, naliinamisha, naligeuza, nalitafuta mahali pa kuanzia. Jasho liliingia machoni. Wenzangu walikuwa wameshafika katikati ya shamba na mimi bado niko kwenye mstari wa kwanza, nimeinama, kidole kinavuja damu, nikifikiri kwamba saa hii hii kijana wa Njombe ameinua mkono wake wa kulia.

Nilisikia miundu imesimama. Niliinua kichwa. Bibi Persisi alikuwa ameshika kiuno, ananitazama.

"Hebu mwangalieni huyu Mhehe," alisema, na sauti yake kavu ilifika shamba zima. "Anapapasa mabua kama anatafuta mbwa aliyenona."

Damari aliziba mdomo kwa kanga.

Nilinyooka. Kwa kweli sikupanga maneno, yalitoka yenyewe. "Na wewe, Bibi," nilisema, "nimekaa kwako siku zote hizi hujaniomba hata chumvi. Nimeanza kuogopa kwamba wewe si Mgogo."

Aliyecheka kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mabua, akipiga ardhi kwa kiganja, ile ardhi kavu, na watu wote wakamfuata, shamba lote, wanawake wakipiga vigelegele vya kejeli, wanaume wakiuliza chumvi hiyo iko wapi basi, ileteni, si ndiyo mnayotupia mawingu. Lile la chumvi na mawingu lilinichoma mahali penyewe. Nilicheka nalo. Nilicheka na kulia pamoja, na Damari alikuja kunifunga kidole kwa kipande cha kanga, akiniambia kwamba damu ya Kihehe inanuka.

Jioni ile sahani yangu haikuonekana. Nilipoiulizia, Bibi Persisi alisema ameiiba, na akasogea kunipisha kwenye sinia.

*

Mwezi wa saba Damari na wanawake wa Chilendu walikuja Kilolo na lori. Waliingia ghalani kwa mama yangu bila hodi, wakabeba magunia ya mahindi, wakamsema mama kuwa ghala lake ni dogo kama mdomo wa kuku, kisha wakahamia kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Hakuna aliyenuna. Mama yangu aliwafukuza na ufagio mpaka kwenye lori, halafu akawarushia na gunia la maharage. Wapo walionuna kidogo moyoni, najua, maana mavuno ya kwetu hayakuwa makubwa kiasi hicho. Hata hivyo Chilendu ilipita kiangazi.

Yule kijana wa Njombe ndiye Mdhamini Mkuu. Ananitumia nyaraka ndefu, na nyingine nazisoma. Mimi bado ni mdhamini wa kituo cha Kilolo. Kuna siku inaniuma, hasa zinapokuja picha za mikutano. Sijui kama nilifanya jambo lililo bora. Najua nilikuwa wapi.

Desemba mawingu ya kwanza yalianza kupanda kutoka Kilombero, na Wagogo walikuwa wameshatia mbegu ardhini. Damari alifika kituoni akiwa amevaa buti zangu, akammwagia Mkurugenzi salamu za mbwa wote wa Chilendu, akanywa chai yangu akiilalamikia sukari.

Luhwago alichelewa kuingia. Alipoingia alikuwa na begi dogo la kitambaa, la safari. Aliliweka mezani, kando ya kioo cha dole gumba, bila kumtazama yeyote.

"Unasafiri?" nilimuuliza.

"Itategemea," alisema, akakohoa. "Safari hii nimeona niende mimi, kama itabidi kwenda. Hesabu haibadiliki kwa hilo. Nimeshaeleza msimamo wangu juu ya hilo."

Damari alikuwa ameshafungua zipu. Alitoa taulo jeupe lililokunjwa vizuri, akalitandaza mabegani kama bibi harusi. "Jamani! Mkurugenzi anakuja kuoga kwa mama yangu na taulo la hoteli! Utaoga na beseni lipi, baba?"

"Wingu liko juu ya msitu," ilisema Pima. "Uwezekano wa Chilendu na vijiji jirani kupata wingu jingine kabla miche haijakauka ni tisa kwa kumi. Pendekezo: kamua."

Nilisogeza dole gumba. Luhwago aliinua mkono, nami nikasubiri. Alikuwa anaitazama namba ukutani. Nilishamwona akisoma namba kama ile mara nyingi sana, na siku zote aliisoma mara moja. Sasa aliisoma, akatazama begi lake, akarudi kuisoma tena.

"Pima," alisema. "Hiyo moja iliyobaki, ikitokea, inaangukia wapi?"

Mtambo ulijibu kwa swali. "Unataka idadi ya kaya au majina ya vijiji?"

"Majina."

Pima ilianza kuyasoma kwa ile sauti yake ya matangazo. Damari alilivua taulo mabegani, akalikunja, akavuta kiti karibu na cha Mkurugenzi. Dole gumba langu nililiweka mapajani, na tulikaa watatu tukasikiliza majina yote mpaka mwisho.